Mafuta ya Jumanne na Ijumaa

Mama Pacha alijua kabla hajaambiwa, kwa sababu gari lilikuwa linanguruma.

Ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda jikoni akichambua mchele, sinia mapajani, mlango wa uani uko wazi. Akalisikia likipanda mlima kwa gia ya kwanza, likikohoa kama kawaida yake, na vidole vyake vikasimama juu ya mchele. Jumatatu gari lile halikuwa na ruhusa ya kupanda mlima kabla ya jioni. Mwenye gari, mumewe, mtu aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Tone, angekubali kulibeba mgongoni kuliko kulipandisha mlima mara mbili kwa siku kama hiyo.

Likasimama getini. Wakashuka watu wawili, na Tone hakuwa mmojawapo. Mmoja alikuwa Mwalimu, mfundishaji wa hesabu, mrefu na mwembamba, ameshika ufunguo kwa vidole viwili kama kitu cha kuazima. Wa pili alikuwa Bi Kola, mama wa mwili uliojaa, aliyepata jina hilo kwa kushona kola za sare kiwandani miaka kumi na tisa. Bi Kola alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa cha kazi.

Mama Pacha akaliweka sinia chini. Neno la kwanza lililomtoka ni hili:

"Mmepanda mlima kwa mafuta ya nani?"

Mwalimu akamtazama Bi Kola, Bi Kola akatazama chini.

"Mama Pacha, keti kwanza."

"Nimeketi."

Kweli alikuwa ameketi. Ikabidi wao wawili ndio watafute pa kukaa. Mwalimu, ambaye darasani haishiwi maneno, alifungua mdomo mara tatu. Mwisho Bi Kola akapiga magoti pale sakafuni, akamshika mwenziwe mikono iliyojaa vumbi la mchele, akasema, "Tone ametuacha, dada. Ameondoka palepale kazini, amekaa kwenye stuli yake."

Baadaye Mama Pacha aliona haya sana kwa lile swali la mafuta. Lakini kila aliyemjua marehemu alimwambia asijisumbue, kwani angekuwa ni yeye Tone angeuliza hilohilo, tena angetoa kijiti apime.

Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha kushona sare za shule na za wauguzi. Mashine zilikuwa thelathini na mbili, na kila asubuhi, kabla washonaji hawajaingia saa moja, yeye alikwisha kuzizungukia zote na kopo lake lenye mdomo mrefu, kila tundu tone moja. Wageni wakimwambia aongeze, aliwajibu, "Tone moja linatosha. La pili ni la kuchafua nguo ya mtu." Ndipo likatoka jina. Siku ile ya Jumatatu alikuwa amemaliza mashine thelathini na moja. Akakaa apumzike kidogo, kopo mkononi, Mwenyezi Mungu akamwita hapo. Ile moja iliyobaki Bi Kola aliitia mafuta mwenyewe kabla ya kupanda gari, huku analia, maana aliona haifai kumwachia marehemu kiporo cha kazi.

Sasa, kuhusu petroli. Bei ilipopanda mara ya kwanza watu walinung'unika. Ilipopanda mara ya pili walinyamaza. Mara ya tatu wenye magari wakawa wanayasalimu tu asubuhi na kuyapita, kama mtu anayepita kwa jirani anayemdai. Tone angeweza kufanya hivyo pia, kwani alikuwa hana makuu. Tatizo lilikuwa Jumanne na Ijumaa.

Figo za Mama Pacha zilikuwa zimechoka. Mara mbili kwa wiki, saa nane mchana, ilimpasa awe hospitali upande wa pili wa mji, alazwe pembeni ya mashine ya kusafisha damu, na akitoka hapo miguu yake ilikuwa kama pamba. Ngazi za basi hakuziweza. Gari la kukodi walilipanda wiki mbili, ya tatu likawashinda. Kwa hiyo gari la Tone, lile refu lenye nafasi nyuma ya viti, lenye rangi ambayo hata yeye hakuweza tena kuitaja, halikuwa anasa. Lilikuwa ndio uzima wa mkewe.

Mshale wa mafuta ulikuwa umekufa zamani, basi Tone akachonga kijiti. Alikichovya kwenye tangi, akakitoa, akakisoma. Juu yake alikwangua alama mbili kwa msumari: ya Jumanne na ya Ijumaa. Kilichokuwa chini ya alama hizo kilikuwa mafuta ya mama, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa, hata yeye. Kazini angefika kwa njia yoyote nyingine atakayojaaliwa.

Njia hizo nyingine alizijaribu zote, na mtaa ukapata cha kucheka kwa miezi miwili.

Alianza na miguu. Alitoka alfajiri nyota ziko juu, akafika kiwandani na nusu saa ya ziada, akajilaza kidogo chini ya meza ya kukatia. Washonaji waliingia wakamkuta anakoroma, wakamfunika vitambaa vya sare za wauguzi, wakaendelea na kazi hadi msimamizi alipouliza mbona meza inapumua.

Akaazima baiskeli. Ya baiskeli haikuchukua siku tatu. Mnyororo uliuma suruali, ukaikata kuanzia goti, na Bi Kola akamshonea mguu mpya kwa kitambaa kilichokuwepo, ambacho kilikuwa cha chekechea, cha mirabaraba. Alirudi nyumbani mguu mmoja mzee, mguu mmoja mtoto.

"Baba Pacha," mkewe akamwambia akiwa kitandani, ametoka kwenye mashine, "hiyo nusu nyingine umeandikishwa shule gani?"

"Cheka tu," akajibu. "Dokta kasema kicheko hakina chumvi."

Pikipiki ya abiria aliipanda mara moja tu. Alikuwa mtu wa sala, na kwenye pikipiki alisali kwa sauti, sikioni mwa dereva, kila kona na sala yake. Katikati ya safari dereva akasimamisha.

"Mzee, chagua. Ama usali, ama upande. Unanitia hofu mimi ndiye niliyeshika pikipiki."

Tone akashuka, akamalizia sala kando ya barabara, akaenda kwa miguu.

Ndipo likaja wazo la gari la watu wanne. Bi Kola alikuwa wa kiwanda kimoja naye. Mwalimu alifundisha njia hiyohiyo. Wa nne alikuwa Karani wa posta, kijana wa makamo, mtanashati, asiyependa jasho. Wote walikaa juu ya mlima, wote kazi zao ziko bondeni. Mapatano yakawa haya: Jumatatu mafuta ya Karani, Jumatano ya Mwalimu, Alhamisi ya Bi Kola. Jumanne na Ijumaa Tone aliruhusiwa kutoka kiwandani adhuhuri ampeleke mkewe, na siku hizo wote walichangia kidogo kidogo ile safari ya asubuhi. Mafuta ya mama yabaki ya mama.

Na kwa kuwa asubuhi ni mteremko mtupu, Tone alitangaza kwamba kuwasha injini kwenye mteremko ni kumkufuru aliyeuumba. Gari litasukumwa hatua thelathini hadi barabara inapoinama, abiria wataruka ndani, na litateremka lenyewe mpaka chini. Kabla ya kusukuma alisali sala fupi, Bi Kola akaitikia amina, wakaenda. Yeye alikaa kwenye usukani, watatu walisukuma.

Mambo yalikwenda vizuri hadi asubuhi ile ambayo Bi Kola aliamka na kiuno.

"Kuna watu wanakaa kama wafalme," alisema akiegemeza mikono kwenye bampa, haongei na mtu fulani, "na mama wa watoto watano anasukuma."

Tone akasikia, akaona aibu. Akaachia breki ya mkono, akashuka bila kusema neno, akaja nyuma kusaidia. Karani alidhani Mwalimu ndiye kaingia mbele. Mwalimu alikuwa amejiinamia akitazama viatu vyake. Wakasukuma kwa nguvu za watu wanne, na gari halijawahi kuondoka vizuri namna ile. Wakasimama wakipangusa mikono, wakilitazama linavyokwenda.

"Leo linatungojea wapi?" Karani akauliza.

"Kwani nani anao usukani?" akauliza Mwalimu.

Wakatazamana. Mwalimu aliwahesabu mara mbili, ingawa walikuwa wanne tu.

Gari liliteremka kwa heshima zake zote. Halikugonga mtu, Mungu ni mwema. Bondeni lilivutwa na ukingo wa barabara, likakata kushoto, likapanda kale kamwinuko ka kuingilia kituo cha mafuta, likaishiwa nguvu, likasimama pembeni ya pampu ya pili, sawasawa, kama lililopimiwa kwa kamba. Mhudumu wa pampu, usingizi bado machoni, akalifuata dirishani, akainama.

"Karibu mzee. Niweke kiasi gani?"

Kisha akatazama ndani.

Tone alipofika, viatu mkononi na pumzi hana, alimkuta mhudumu amesimama mbali kidogo, kofia kaivua.

"Usilitie kitu," Tone akasema. "Limekuja lenyewe."

"Nimeona, mzee. Wewe hulilishi, limeamua kujitafutia."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi walipopita pale wakiteleza kimyakimya, mhudumu yule aliwapigia kelele: "Leo dereva yupo?" Na wale watatu wakamwonyesha Tone kwa vidole.

Habari ilimfikia Mama Pacha kabla ya saa sita, ikiwa na nyongeza zake. Jioni Tone hakupata hata nafasi ya kuvua koti.

"Liuze," mkewe akasema.

"Nikiliuza, Ijumaa utakwenda na nini?"

"Na miguu."

"Miguu ipi?"

Alitaka kukasirika, akacheka, na kucheka kukamuudhi zaidi. "Baba Pacha, mimi sitanii. Utakuja kufa kwa ajili ya kopo la petroli, na mimi nitabaki na kijiti."

"Zamu yangu bado. Na hata nikitangulia, msije mkanipeleka kwa mafuta yako. Niteremsheni tu. Mteremko ni wa bure."

Tone akaweka sheria mpya: hagusi mtu bampa kabla ya kuulizwa kwa sauti, "Nani anao usukani?" na mwenye nao ajibu, "Ninao mimi." Sheria hiyo haikuvunjwa tena.

Watu wengi hawakujua kwamba Mama Pacha naye alikuwa na zamu yake. Jioni gari lilipofika juu ya mlima, Tone alizima injini nje ya geti, kwa sababu kutoka getini hadi kwenye kibanda chake ni hatua ishirini, na hatua ishirini ni mafuta. Mkewe alitoka taratibu, akapanda, akashika usukani, naye akasukuma kwa bega.

"Nani anao usukani?"

"Ninao mimi."

"Kulia kidogo. Kulia yako, mama, si yangu."

"Kwani tuna kulia mbili?"

"Ndiyo, tangu tuoane."

Miguu yake ilitosha kukanyaga breki, na mikono yake ilikuwa mizima. Hata siku za kutoka kwenye mashine alikataa kusaidiwa. Hiyo ilikuwa kazi yake, na aliifanya miaka minne, hakuwahi kugonga nguzo hata moja.

Jumanne, siku ya pili ya msiba, alikwenda hospitali kama kawaida, kwani ile mashine haijui kufiwa. Mwalimu aliomba ruhusa shuleni akampeleka. Alilala pale saa nne nzima akitazama dari, na alipouliza saa aliuliza kwa mtu ambaye hayupo kwenye kile kiti cha pembeni. Muuguzi akajifanya hakusikia.

Aliporudi, wanawe pacha walikuwa wamefika, wa kiume na wa kike, kila mmoja kutoka anakofanyia kazi. Binti ndiye msemaji. Alikuwa amekwisha kuagiza gari la kubebea maiti, jeusi, la vioo.

"Litamleta kutoka hospitali Alhamisi asubuhi, litampeleka kanisani, kisha makaburini," alisema. "Kila kitu nimepanga, Mama. Wewe pumzika."

"Kanisani sawa. Kutoka kanisani kwenda makaburini atakwenda na gari lake."

"Lile?"

"Ana lingine?"

Binti akamtazama kaka yake, kaka akatafuta kitu cha kutazama dirishani. "Mama, watu watatuonaje? Baba si gunia la mkaa. Na lile gari, nasikia siku hizi hata haliwashwi."

"Hatutaliwasha. Kanisa liko juu, makaburi yako chini. Yeye mwenyewe alisema ateremshwe."

"Alikuwa anatania."

"Baba yako alikuwa anatania kila siku, na kila siku alifanya alichosema. Halafu kesho yake ni Ijumaa."

"Mafuta tutanunua, Mama. Hata kama yamepanda tena. Tutalijaza mpaka juu."

Mama Pacha akainuka, akashika ukuta, akaenda hadi kwenye kibanda. Akarudi na kijiti, bado kimelowa. Akamwonyesha binti yake ile alama ya pili, na unyevu umefika hapohapo, hauzidi wala haupungui.

"Nunueni mnachotaka," akasema. "Haya alinipimia yeye. Nataka Ijumaa anipeleke yeye."

Binti alikishika kijiti, akakinusa, akakaa sakafuni karibu na miguu ya mama yake, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu afike.

Alhamisi saa nane mchana ibada ilikwisha. Lile gari la vioo lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake, nalo likaegeshwa pembeni. Mwalimu na Karani walikuwa wameviondoa viti vya nyuma vya gari la Tone tangu jana yake, na jeneza likaingia, likabakisha upana wa kiganja. Karani, katika suti ya kijivu, aliuliza kwa sauti ndogo kama breki zitaweza. Mwalimu akasema ameshapiga hesabu: uzito wa Bi Kola kila asubuhi ni zaidi ya huo. Bi Kola akamsikia, akampiga begani, na watu wakacheka mlangoni mwa kanisa, mchungaji akiwemo.

Mchungaji akasali sala fupi. Bi Kola akaitikia amina, akaweka mikono kwenye bampa. Washonaji wengine wakajipanga naye. Mwalimu alikuwa ameshika mlango wa mbele, anangoja aambiwe aingie.

"Nani anao usukani?" akauliza, kwa sababu ndiyo sheria.

Mama Pacha alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, nguo nyeusi, mkoba mapajani. Akampa binti yake mkoba. Akatembea hatua zile taratibu, akaingia, akaufunga mlango mwenyewe, akautia ufunguo na kuuzungusha nusu tu, usukani ufunguke.

"Ninao mimi," akasema.

Wakasukuma hatua kama thelathini, barabara ikainama. Aliliachia kidogo kidogo, mguu kwenye breki, liende mwendo wa watu, na watu wakatembea pande zote mbili. Hakukuwa na sauti ya injini. Zilisikika nyayo, na kwaya ikiimba kwa chini nyuma. Binti yake alitembea karibu na dirisha. Mara moja Mama Pacha alisema, "Kulia kidogo," na binti akamuuliza kama anasema naye. Akasema hapana.

Walipopita kwenye kituo cha mafuta mhudumu alikuwa amesimama pembeni ya pampu ya pili, kofia kifuani. Leo hakuuliza.

Makaburini Karani ndiye aliyeweka mawe mbele ya magurudumu. Wanaume wa kiwandani walilitoa jeneza na kulishusha kwa kamba nne. Mchungaji alisoma, akasali. Mama Pacha alitupa udongo, kisha mtoto wa kike, kisha wa kiume, kisha wale abiria watatu, kisha waliotaka. Kaburi lilifukiwa na msalaba ukawekwa, umeandikwa jina lake kamili, ambalo wengi wa kiwandani walikuwa wanalisoma kwa mara ya kwanza. Kwaya iliimba nyimbo mbili. Saa kumi na moja watu walianza kuondoka.

Gari la Tone liliachwa palepale chini, limefungwa, kwani kesho yake saa saba Mwalimu angekuja kulichukua kwa safari ya hospitali. Mama Pacha alipandishwa mlima na gari la vioo la binti yake, amekaa mbele, kijiti kimo kwenye mkoba.